Kikohozi cha Ngusa

Mjini Kahama, ukimsikia Nasibu Mwinshehe anaongea kwa sauti ya mtu fulani, jua mtu huyo keshakufa. Hiyo ndiyo kazi aliyorithi, wala hakuiomba. Yeye ni Mzaramo wa Maneromango, na Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za babu zao. Sasa mji huu umejaa Wasukuma, nao hufa kama watu wengine. Kila penye msiba wao, kuanzia Nyahanga mpaka vijiji vya njia ya Bulyanhulu, hutumwa mtu wa bodaboda akamlete Mzaramo. Nasibu hufunga duka lake la mabuti ya mpira na taa za kichwani, akaenda, akavaa koti la marehemu na kuanza kutembea kama marehemu, kufoka kama marehemu, kutongoza kama marehemu. Hujilaza mbele ya jeneza akakataa lisipite mpaka apewe kuku. Wafiwa hulia, wakacheka, wakarudi kulia, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia mtani.

Alikuwa na sharti moja tu: aliye hai hamgusi. Sharti hilo alilipata kwa uchungu. Miaka tisa nyuma, kwenye kibanda cha kahawa, alimwiga Eustace, fundi baiskeli aliyekuwa nyumbani anaumwa homa. Watu walicheka mpaka vikombe vikamwagika. Siku ya nne Eustace akazikwa. Hakuna aliyemshitaki Nasibu, lakini kuna mama mmoja alimwambia njiani, bila hasira, kwamba mdomo wake una uchuro. Uchuro ni neno dogo, ila likishamkaa mtu halibanduki. Tangu siku hiyo, hata mtu akiwa anapumua kwa shida namna gani, Nasibu hufunga mdomo mpaka aone sanda.

Ndiyo maana ombi la Ngusa lilimtisha kuliko kitu chochote alichowahi kuombwa na binadamu.

Ngusa Jilala alikuwa rafiki yake wa miaka ishirini na tatu. Walikutana huko machimboni, upande wa Bulyanhulu, vijana wote wawili, mmoja katoka pwani akifuata dhahabu, mwingine katoka kijijini akifuata fedha ya kununulia ng'ombe. Walifanya kazi kwenye karasha moja, ile mashine ya kuponda mwamba, wakilisha mawe juu na kukusanya unga chini. Vumbi lilikuwa jeupe, jembamba, linaingia mpaka kwenye ugali. Walifunga vitambaa vya kanga puani, na jioni walipigana makofi mgongoni kujikung'uta huku wakicheka kwamba leo wamezeeka wamekuwa na mvi. Miaka kumi na moja. Kisha Nasibu akapata mtaji wa duka akatoka. Ngusa akabaki miaka mingine tisa, kwa sababu kila alipotaka kutoka alikuwa ameona ng'ombe mwingine.

Mwezi Machi mwaka huu walikwenda hospitali pamoja. Ngusa alikuwa ameshapimwa kifua kikuu mara mbili, hakuna. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya uchovu, aliinua picha ya kifua kwenye mwanga, akawaonyesha madoa meupe yaliyotapakaa mapafu yote mawili. Alisema ni vumbi la mwamba. Limeingia, limejenga makovu, na makovu hayo hayana dawa ya kuyafuta. Zipo dawa za kupunguza taabu na upo mtungi wa hewa, basi.

Halafu akamgeukia Nasibu. "Na wewe, mzee, mlifanya kazi pamoja?"

"Hapana," Nasibu akajibu upesi. "Mimi nilikuwa mpishi wao."

Ngusa alimtazama. Hajawahi kula chakula cha Nasibu hata siku moja, na angekula angekufa mapema.

Uongo ule ulitoka wenyewe, kwa woga mtupu. Kwa sababu Nasibu alikuwa anakohoa. Ilikuwa imeanza tangu mvua za mwaka jana, kikohozi kikavu cha asubuhi, na alikuwa amekifanyia maarifa: kabla ya alfajiri anaingia bafuni, anafungua bomba ndoo ijae kwa kelele, anakohoa ndani ya kelele ile. Mkewe, Wema, si mtoto. Siku moja alipokuwa anamimina chai alisema, "Maji ya nyumba hii siku hizi yana kifua." Alicheka peke yake. Kisha akaacha kucheka, akamwambia, "Nenda kapige picha, Baba Zuhura. Mficha maradhi, kilio humuumbua." Nasibu akamjibu kuwa ni vumbi la dukani, mabuti yanakuja na vumbi kutoka bandarini. Moyoni alikuwa na hesabu yake mwenyewe: picha isiyopigwa haina madoa.

Sasa, mwaka huohuo mji ulikuwa umepata mchezo mpya. Binti mmoja anaitwa Loveness, aliyekuwa akiuza vocha na baadaye akawa mshereheshaji wa harusi, alikodi ukumbi nyuma ya gesti moja, kila Jumapili saa kumi alasiri, akaanzisha kile vijana wanachokiita stendapu. Mtu mmoja anasimama na kipaza sauti, hana ngoma wala igizo, anasimulia maisha yake na watu wanacheka. Loveness alikuwa amemwona Nasibu kwenye msiba wa babu yake. Alimfuata dukani, akampigia magoti nusu kwa heshima na nusu kwa utundu.

"Shikamoo, baba. Wewe unafanya stendapu miaka yote hii bure, kwa malipo ya kuku. Njoo ukumbini."

"Marahaba. Ukumbini nani amekufa?"

"Hajafa mtu, baba."

"Basi mimi sina kazi."

Lakini alikwenda. Alisimulia misiba: jinsi wafiwa wanavyogombania redio kabla ya kaburi kufukiwa, jinsi mchungaji na sheikh walivyokutana kwenye maiti moja kila mmoja ana orodha ya waumini yenye jina la marehemu. Ukumbi ulianguka kwa vicheko. Habari zikamfikia Ngusa kitandani, kwani siku hizo alikuwa mtu wa kitanda, kiti na mtungi, na siku ya pili alimwita Nasibu nyumbani kwake Nyahanga.

Alimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mpira wa hewa puani, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Mwanaume aliyekuwa akibeba magunia mawili ya mawe. Paskazia, mkewe, alikuwa anachambua mchele pembeni.

"Mtani," Ngusa akasema. Alikuwa anaongea kwa vipande, maneno matatu, pumzi, maneno matatu. "Nimesikia unawachekesha watu. Jumapili hii nifanye mimi."

"Nikufanye nini?"

"Kama marehemu. Na mimi nikiwepo. Nikae mbele."

"Astaghfirullahi. Ngusa, hilo haliwezekani. Unamjua Eustace."

"Eustace alikuwa na homa. Mimi ninayo picha." Akapumua. "Nikifa utakuja hapa uvae koti langu. Watu mia watacheka maisha yangu. Mwenye maisha hatasikia hata neno. Hiyo ni haki?"

"Shemeji, usimsikilize," Paskazia akasema bila kuinua uso. "Ugonjwa umempanda kichwani. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mimi sitaki mume wangu aliliwe anapumua."

"Mtani hamkatai mtani," Ngusa akasema. Alikuwa anamtazama Nasibu vilevile alivyomtazama siku ile mbele ya daktari. "Ukinikatalia, sema sababu ya kweli."

Nasibu hakuisema. Sababu ya kweli ilikuwa kwamba kumwiga Ngusa ni kukiiga kikohozi cha Ngusa, na kitu hicho alikiogopa kama mtu anavyoliogopa shimo alilokwisha kusikia jiwe likidondoka ndani yake. Akasema, "Haya."

Alhamisi asubuhi, Wema akiwa sokoni, alifunga mlango wa uani na kuanza mazoezi. Mwendo wa Ngusa ulikuja bila shida, ule wa kutanguliza bega la kulia. Sauti ikaja, ile ya Kisukuma nzito ya kuburuta maneno. "Mayu wane! Mama yangu! Paskazia! Niletee maji, nakufa miye!" Alirudia mara tatu, mara nne, akirekebisha. Halafu akasema acha nijaribu kikohozi, kidogo tu.

Kikohozi kilikuja. Alikifungulia mlango kwa mzaha, nacho kikaingia kimekunja ngumi. Kilimkunja kiuno, kikamshikisha ukuta, kikaendelea alipokuwa ameshaacha kuiga. Kilipoisha Nasibu alikuwa amechuchumaa, jasho linamtoka, na alikuwa ameelewa jambo moja kwa mwili mzima: hakuwa amejifunza chochote. Kikohozi cha Ngusa alikuwa nacho tayari.

Akakaa pale chini muda mrefu. Aliogopa hata kusimama.

Upande wa pili wa ukuta alikuwepo Apolonia, mpangaji jirani, mkaanga vitumbua. Apolonia ni mtu mwema na hana umbea wa kuwazidi wengine, lakini miaka sita amekaa nyumba ya pili na Nasibu, na sharti la Nasibu analijua kama anavyolijua jina lake. Alichokisikia ni Mzaramo anaongea kwa sauti ya Ngusa, anamwita Paskazia, anasema anakufa, anakohoa, halafu kimya. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Aliepua karai motoni, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akatoka analia.

Mtu atauliza kwa nini hakupiga simu. Utapigaje simu nyumba ya mgonjwa kuuliza kama ameshakufa? Ni rahisi zaidi kwenda na kuni. Na ndivyo walivyofanya. Mpaka saa nne, nusu ya mtaa ilikuwa njiani, wanawake na mafungu ya kuni kichwani, wanaume na viti vya kukodi.

Nasibu alikuwa hajatoka uani aliposikia pikipiki. Alikuwa Marwa, kijana wa bodaboda ambaye ndiye hutumwa kumfuata kwenye misiba. Alikuwa amevua kofia.

"Mzee Nasibu, pole sana. Twende. Ngusa ametutoka."

Nasibu alishika nguzo ya mlango. Mambo yalijipanga kichwani mwake yenyewe, moja baada ya jingine: nimemwiga asubuhi hii, nimesema nakufa miye mara nne, na amekufa. Eustace alichukua siku nne, Ngusa hakuchukua hata saa mbili. Alitaka kumwambia Marwa kwamba yeye ndiye aliyemuua. Badala yake alipanda pikipiki bila viatu. Njiani kikohozi kilimpanda mara mbili akakimeza, maana kukohoa kwa sauti ya marehemu mgongoni kwa Marwa lingekuwa balaa juu ya balaa.

Walipokaribia alisikia vilio. Vijana walikuwa wanafunga turubai kwenye mpapai, mlango wa nyumba bado umefungwa na hakuna aliyethubutu kubisha. Mafiga yameshapangwa. Apolonia alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka, kanga imemfunika uso, anamlilia Ngusa kwa majina yote. Na katikati ya kelele hizo, mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka Ngusa.

Alikuwa na fulana na kikoi, mkono mmoja umeshika mtungi na mwingine umeshika bakuli la uji. Alisimama akautazama umati wote ule. Vilio vikakatika kimoja kimoja, kama taa za mtaa umeme ukizimwa. Mtu mmoja akakimbia. Ngusa akauliza, kwa masikitiko kabisa, "Jamani. Nani amekufa?"

Ndipo alipomwona Nasibu juu ya pikipiki, miguu mitupu, macho yamemtoka. Ngusa alimtazama, akatazama turubai, akatazama kuni, akaelewa.

"Mzaramo kafika," akasema. "Basi ni kweli nimekufa."

Na akacheka. Alicheka kicheko chake cha zamani, cha tumbo, ambacho mtaa ulikuwa haujakisikia tangu Machi. Uji ukamwagika. Watu nao wakaanza, Apolonia akafunua uso akacheka na machozi yake, vijana wakaachia kamba na turubai likawaangukia wazee. Ilikuwa raha ya nusu dakika. Kisha kicheko cha Ngusa kikageuka. Kifua kilimkaba, akashika mlango, midomo ikabadilika rangi, macho yakatafuta hewa huku na huku asiione. Paskazia alimfikia wa kwanza, akafungulia mtungi, akamkalisha, akawa anamhesabia pumzi masikioni: moja, toa, mbili, toa. Nasibu alikuwa amepiga magoti kwenye uji uliomwagika, anaomba dua asiyoijua mwanzo wala mwisho. Aliahidi mbele ya Mungu kwamba hatafungua tena mdomo wake.

Ilichukua muda mrefu. Lakini hewa ilirudi, na Ngusa akafumbua macho. Kitu cha kwanza alichosema kilikuwa, "Kuni... zisirudi. Zibaki hapahapa. Zitafaa."

Paskazia alimvuta Nasibu pembeni, nyuma ya banda la kuku. Nasibu alijua anakwenda kufukuzwa, na alikuwa tayari.

"Shemeji, nisamehe. Jumapili siendi. Nimeapa."

"Miezi mitano nalala naye namsikiliza kama anapumua," Paskazia akasema. "Naogopa kupika, naogopa kwenda kisimani, naogopa kulala. Hajacheka tangu Machi. Leo amecheka, nikamwona mume wangu." Akajifuta uso kwa kanga. "Utakwenda. Mimi nitakaa naye na mtungi. Akifa anacheka, nitajua aliyekufa ni nani. Akifa anaangalia ukuta, sitajua."

Basi Jumapili saa kumi ukumbi ulijaa kuliko siku zote, kwa sababu habari ya msiba usio na maiti ilikuwa imefika mpaka machimboni. Ngusa alikuwa kiti cha mbele, amevaa shati la harusi ya mwanawe Mihayo, mtungi kati ya miguu. Paskazia alikuwa amempa amri moja: kucheka marufuku. Ukitaka kucheka, inua mkono.

Nasibu alipanda jukwaani. Taa ilikuwa moja, kali, na chini yake aliona uso mmoja tu. Alianza kwa sauti ya Ngusa, mwenye sauti akiwa hai mbele yake.

"Nimekwenda hospitali miye. Daktari kaniuliza, mzee, unavuta sigara? Nikamwambia hapana, daktari, mimi nimevuta mlima."

Kicheko cha kwanza kilikuwa cha woga. Watu walimtazama Ngusa kwanza. Ngusa aliinua mkono juu kabisa. Ndipo ukumbi ukajiachia.

"Daktari akanionyesha picha. Madoa meupe tele. Mke wangu akauliza ni ugonjwa gani. Jamaa mmoja, mnunuzi wa dhahabu, alikuwa kwenye foleni nyuma yetu, yeye akauliza ni gramu ngapi. Tangu siku hiyo ananisalimia kila asubuhi. Analeta matunda! Juzi kamwuliza Paskazia: Mungu apishe mbali, lakini siku ikifika, mnamzika moja kwa moja, au anapitia karasha kwanza?"

Mkono wa Ngusa ulikuwa juu. Paskazia alificha uso begani kwake.

"Nesi anaandika. Mzee, una wategemezi wangapi? Nikasema kumi na nane. Nesi akashtuka, kumi na nane! Nikamwambia usiogope, binti, kumi na nne wana pembe. Akaniuliza, na hao wanne je? Nikasema hao ndio wanaonitia hasara."

Alimfanya Ngusa anavyokwenda chooni, safari ya hatua thelathini ambayo siku hizi ina vituo. Kwenye mpapai anashuka, anapumzika, anausalimia. Kwenye banda la kuku anapumzika tena, kuku wameshamzoea, wakimwona wanasogea ukingoni kumpisha. Anafika mlangoni mwa choo amechoka mpaka amesahau alichofuata, anageuza, na Paskazia anamuuliza, mbona upesi leo? Wanaume wazima walikuwa wanapiga meza kwa ngumi. Nasibu akaanza kuona kwamba pengine hili jambo linawezekana, kwamba pengine maneno hayaui, na woga ukamlegea kidogo kifuani.

"Kikohozi!" mtu akapiga kelele nyuma. Wengine wakadakia. "Kikohozi! Mzaramo, tupe kikohozi!"

Alikuwa amepanga asikiguse. Alimtazama Ngusa. Ngusa, mkono bado uko hewani, alitikisa kichwa kumruhusu.

Akakohoa mara moja, kwa kuiga. Ukumbi ukalipuka. Akakohoa mara ya pili, na ile ya pili haikuwa yake tena. Ilimshika vilevile kama uani, ikamkunja, kipaza sauti kikaipeleka kila kona, kavu, ndefu, inakwangua. Watu walicheka mpaka wakasimama. Alijaribu kuinua mkono kuwaambia basi, wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi. Alitafuta hewa kwa mdomo wazi na hewa haikuja, na vicheko vilikuwa vinazidi, na Nasibu akawaza kwa utulivu wa ajabu kwamba hivi ndivyo kunavyokuwa kufa, watu wote wanafurahi.

Mkono mmoja ulikuwa umeshuka. Ngusa alikuwa hachezi tena. Alisimama, Paskazia akabeba mtungi nyuma yake, akapanda zile ngazi tatu za jukwaa, moja, akapumua, ya pili, akapumua. Alikichukua kipaza sauti kutoka mkono wa Nasibu.

"Msicheke," akasema. "Huyu haigizi."

Kicheko kilikufa kuanzia mbele kwenda nyuma. Kwenye kiti cha pembeni Wema alikuwa ameshasimama, mikono kichwani.

Ngusa akauvua mpira wa hewa puani mwake, akauweka puani mwa Nasibu. Akamshika bega, akaanza kumhesabia kama anavyohesabiwa yeye. Moja, toa. Mbili, toa. Ukumbi mzima ulisikia. Hewa ikaanza kurudi, kidogo, nyembamba kama uzi.

"Mimi kikohozi changu nakijua," Ngusa akawaambia watu, kwa vipande vyake vya maneno matatu. "Changu kinatembea kwa miguu. Kinatoka shambani. Hiki kimekuja kimepanda gari, kimepaka mafuta. Hiki ni cha Kizaramo." Watu wachache wakacheka, wakasita, wakacheka tena. "Wazaramo wavivu. Hata ugonjwa, alingoja mimi nitangulie nikaulizie njia."

Halafu akamwinamia Nasibu. Alikuwa anataka kuongea naye peke yake, na akasahau kwamba kipaza sauti bado kiko mkononi.

"Kesho tunakwenda kupiga picha," akasema. "Mimi na wewe. Na hakuna mpishi."

"Ngusa," Nasibu akasema, na sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, ile ambayo mji ulikuwa hauijui vizuri. "Ngusa, naogopa."

"Mimi naogopa tangu Machi," Ngusa akamjibu. "Peke yangu. Karibu, mtani. Sogea, kaa hapa."